Mjomba Baroko wa Ngokolo

Wewe uliyeliokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama huwezi kulifunga, soma kwa macho tu, usitikise midomo. Neno lolote la humu lisifike ofisini, lisifike kwa balozi wa nyumba kumi, na zaidi ya yote lisifike Ushirombo kwa mama yangu. Mimi ni karani. Nina cheti. Sijawahi kuchelewa kazini. Naweza kupotea kabisa kwa sababu ya maneno haya. Nakusihi.

Jumamosi, 4 Juni 1983

Barua ya mama imefika. Mbuzi hawajambo, kaka anaumwa jino. Mwishoni, kama kawaida yake, swali: "Unakula na nani?" Hii ni barua ya tisa anauliza hivyo. Katika nane za mwanzo nilimjibu habari za mvua.

Nakula na nani! Miezi minane niko Shinyanga, karani wa ofisi ya pamba, mpangaji wa Bi Mwamvua hapa Ngokolo, chumba cha pili kushoto. Nakula peke yangu, nikiutazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo anakaa Pantaleo, karani mwenzangu, mtu wa Geita. Pantaleo ana redio kubwa na vitambaa vya kufuma juu ya viti. Chumba chake hujaa kila jioni. Vicheko vyao navisikia vyote. Wakati mwingine nacheka nao, kwa sauti ndogo.

Lakini leo nimepata dawa! Kulikuwa na mnada wa vitu vya mzungu mzee aliyerudi kwao. Watu waligombania sufuria na cherehani. Nyuma kabisa, imeegemezwa kwenye mti, picha. Picha ya rangi za mafuta, karibu ukubwa wa mlango, fremu ya dhahabu iliyochongwa majani. Bwana mkubwa ameketi, mkono kiunoni, nywele za bandia zimejikunja hadi mabegani, kola ya lesi nyeupe tele shingoni. Nyuma yake giza tupu. Usoni mwanga. Anakutazama kama vile umemkanyaga.

Niliitambua mara moja. Seminarini Padre alituonyesha kitabu chenye picha za namna hiyo. Mtindo wake unaitwa Baroko. Padre alisema picha moja tu kama ile hugeuza chumba kuwa ukumbi, na ukumbi huita watu.

Nimetoa baiskeli yangu. Dalali alicheka hadi akakaa chini.

Nimeileta kwa mkokoteni, imelazwa, nimeifunika shuka langu jeupe isiingie vumbi. Njia nzima watu wakawa wanasimama. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja akaniambia, "Pole sana, mwanangu." Nikamjibu ahsante. Sijawahi kusalimiwa na watu wengi hivyo kwa siku moja.

Jumapili, 5 Juni

Siku ya mapambo. Nimefuata kanuni za Padre kadiri ninavyozikumbuka. Picha rasmi haipendi ukuta mweupe, kwa hiyo baada ya misa nimeupaka ukuta udongo mwekundu kwa tambara. Na mikono. Na shati. Inataka pazia zito pembeni: blanketi langu. Inataka mwanga wa upande mmoja: mishumaa miwili kwenye chupa, kushoto. Inataka msumari imara. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Ukuta wa Bi Mwamvua ni wa matofali mabichi. Msumari uliingia kama kwenye ugali na kutoka na nusu tofali. Bwana mkubwa akashuka kwa kishindo, akavunja kigoda changu cha pekee.

Sasa nimemweka juu ya meza, ameegemea ukuta, uso kuelekea dirishani. Chumba kimekuwa kingine! Hata mimi niliingia nikitaka kuvua viatu.

Niliandika mialiko mitatu kwa mwandiko wa ofisini: "Unakaribishwa kuangalia mapambo mapya ya chumba, saa kumi jioni." Pantaleo alisema atakuja akipata nafasi, ila leo kuna mpira redioni. Bi Mwamvua aliuliza kama mapambo hayo yanaendana na chai ya sukari. Nikasema sukari sina, nusu kilo yangu ya mgawo wa duka la kaya iliisha tarehe kumi mwezi uliopita. Akasema basi atayaona siku nyingine, yeye hata hivyo hapendi sana masanamu. Mwaliko wa tatu ni wa Epifania, msaidizi wa wauguzi pale zahanati, anayekaa chumba cha ng'ambo ya ua. Anatoka Bukombe, karibu kabisa na kwetu. Kwa miezi minane nimemwambia "habari za asubuhi" na hakuna zaidi. Nilisukuma karatasi chini ya mlango wake, nikakimbia.

Saa kumi. Saa kumi na moja. Mpira ukaisha, wakacheka, wakatawanyika.

Nikala ugali mezani, mbele ya bwana mkubwa. Angalau yeye alinitazama.

Jumatatu, 6 Juni

Balaa! Balaa kubwa!

Nimerudi kazini kwa miguu, nimechoka. Nikawasha mishumaa, nikamimina chai ya rangi vikombe viwili. Viwili kwa ajili ya mpangilio wa meza, si kwa sababu nyingine. Nikamwambia bwana mkubwa karibu. Nikamsimulia jinsi bosi alivyoniita kwa jina la karani aliyehama mwaka juzi. Nilikuwa nimefika penye utamu, mtu akakohoa dirishani.

Mzee Nassibu, balozi wetu wa nyumba kumi! Daftari kwapani, miwani usoni. Miwani hiyo ina kioo kimoja. Upande wa pili ni kadibodi. Alikuwa amebana pua kwenye wavu wa dirisha.

Nikasema shikamoo mara mbili. Akaitika mara moja. Akauliza, "Kijana, una mgeni tangu lini, na mbona hujaniletea jina?"

Ningesema ni picha. Najua. Lakini huu ni mwaka wa kusaka wahujumu uchumi. Mtaa wa nyuma wamemchukua mtu kwa ajili ya mabati aliyoshindwa kuyaeleza. Mimi nina bwana mwenye fremu ya dhahabu na sina hata risiti. Tena nimekutwa nikimkaribisha chai! Nikapima haraka. Picha haielezeki. Mgeni anaelezeka.

Akauliza jina. Nikasema Baroko. Akauliza anatoka wapi. Nikasema Ushirombo. Nani kwako? Mjomba. Na kweli, vanishi ya zamani imemfanya bwana huyu awe maji ya kunde kama mjomba wangu halisi. Mbona nywele nyingi hivyo, kama mwanamke? Nikasema ameweka nadhiri.

"Na hiyo bandeji shingoni?"

Nikaitazama ile kola ya lesi. "Koo, Mzee. Hawezi kusema hata neno."

Akalegea papo hapo. "Maskini! Ndiyo maana nimemsalimu hajaitikia, nikadhani ana maringo." Akaandika yote, daftari juu ya goti. Kisha akachana kikaratasi: nusu kilo ya sukari duka la kaya, kwa ajili ya mgonjwa. "Nyumba yenye mgonjwa haikai bila sukari, wageni watakunywa nini?"

Wageni gani?

Jumanne, 7 Juni

Nimechukua sukari ya picha. Niliangusha kikaratasi mara mbili hadi muuzaji akaniuliza kama na mimi naumwa. Bi Mwamvua alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akasikia kila kitu.

Nilikimbia nyumbani. Nikamhamishia bwana mkubwa kitandani, nikamwegemeza ukutani, nikamfunika shuka hadi kifuani. Blanketi nikalitundika mbele yake kama pazia, nikatangaza kwamba nuru inamuumiza macho. Sasa yeye analala kitandani na mimi mkekani.

Jioni wakaja. Wakaja kweli! Bi Mwamvua kwanza, na limau na tangawizi. Akanigombeza mlangoni: "Alois mwanangu, una mgonjwa ndani, unatusukumia karatasi za mapambo? Wewe ni mtu gani?" Kisha majirani wanne. Kisha Mzee Nassibu mwenyewe. Wakakaa upande huu wa blanketi, wakampa pole Mjomba Baroko mmoja mmoja, halafu wakaanza mazungumzo. Pamba, bei ya vitenge, mke wa nani amekimbia. Nikamimina chai yenye sukari. Mtu akacheka jambo nililosema. Mimi! Nilisema jambo!

Na Pantaleo amezima redio. Bi Mwamvua alimwendea akamwambia aone haya, kuna mgonjwa nyuma ya ukuta wake. Kimya kabisa huko. Usiku mwema, Pantaleo.

Alhamisi, 9 Juni

Epifania amekuja. Peke yake, na kibuyu cha uji wa ulezi.

Alisogeza blanketi kidogo kwa kidole, kama wauguzi wanavyofanya. Akatazama. Akarudisha blanketi taratibu. Akasema, "Mgonjwa wako ametulia sana." Nikasema ndivyo alivyo tangu utotoni. Akasema, "Naona."

Zahanati imemzoesha giza la wodi, lakini mimi nilikuwa nimefunga dirisha na kuzima mishumaa. Sidhani kama aliona kitu.

Uji hakuuweka kwa mgonjwa. Akanipa mimi mkononi. "Kunywa, ukiwa wa moto." Nikanywa, usipotee bure. Akakaa saa nzima. Akanisimulia habari za bibi yake kule Bukombe aliyekuwa akifukuza nyani kwa kuwaimbia. Nikamsimulia seminari. Mara mbili nilisahau kabisa kwamba kuna mgonjwa ndani.

Picha hii ina nguvu ambayo hata Padre hakuijua.

Nimemwandikia mama: "Nakula na watu sita, wakati mwingine saba."

Jumamosi, 11 Juni

Asubuhi kazi ya kujitolea, kuchimba mtaro wa mtaa. Kila mkazi hatua tano. Mzee Nassibu akasoma daftari: Alois, tano. Baroko, tano, anaumwa, atachimbiwa na mpwa wake. Nimechimba kumi. Viganja vimetoka malengelenge.

Hiyo ningeivumilia. Lakini baadaye akanivuta pembeni. Akasema mgonjwa kukaa wiki bila kuonwa na mganga ni aibu kwa nyumba zake kumi. Jumatatu saa nne atamleta mganga wa zahanati, mwenyewe, na mfuko wake wa vipimo.

Nikasema mjomba amepata nafuu, huenda leo jioni akarudi kwao. Akafurahi. Akasema basi apite kwanza atie dole gumba, mgeni hatoki bila kutia dole. Akanionyesha ukurasa. Kweli. Safu ya kuingia, safu ya kutoka, dole la bluu kila mstari. Isipokuwa mstari mmoja wa mwaka juzi, ambao hauna dole. Umeandikwa tu: "Alifariki."

Jumapili, 12 Juni

Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Nimetunga sentensi mbili. Nimeziandika na kuzisahihisha kama barua ya kiofisi. Ya kwanza: "Mjomba amefariki alfajiri." Ya pili: "Ndugu zake wamekwisha kumchukua kwa lori kwenda Ushirombo." Fupi, safi, hazina mwanya. Picha nitaificha chini ya kitanda. Watu watakuja kunipa pole, watakaa, watakunywa chai. Epifania atakuja. Mganga hatakuja.

Nimejaribu kulia mbele ya kioo. Nimelia vizuri, hata nikaendelea baada ya kumaliza mazoezi.

Jumatatu, 13 Juni

Nilikuwa na sentensi mbili. Walisikia moja.

Bi Mwamvua alikuwa uani anaosha sufuria. Nikamwambia, "Mjomba amefariki alfajiri," na kabla sijavuta pumzi ya kusema ya pili, sufuria ikaruka na yeye akapiga yowe. Yowe likapokelewa nyumba ya pili. Likapokelewa ya tatu. Nilisimama pale nikisema "ndugu zake, ndugu zake," na kila mtu akawa ananishika mkono na kusema, "Ndiyo baba, sisi ndio ndugu zake."

Ndani ya nusu saa kulikuwa na mikeka uani, turubai, chungu cha wali juu ya mafiga. Ofisini waliniletea ruhusa ya siku tatu, na bosi alilipatia jina langu. Wanawake walikaa mlangoni mwangu. Mimi nilikalishwa katikati ya wanaume. Mzee mmoja nisiyemjua aliweka mkono begani kwangu, akauacha hapo. Pantaleo alinimegea tonge kwa mkono wake, akasema kula, ndugu yangu, usipokula utaanguka. Nikala. Nilikula na watu arobaini.

Sentensi ya pili ningeweza kuisema bado. Nafasi ilikuwepo. Nakiri hapa tu: sikutaka kuisema. Nilijiambia, nimalize kwanza huu wali.

Ndipo akaja Fundi Ngassa, seremala, na futi yake. Hakuniuliza. Fundi wa jeneza haulizi, huingia akapima. Niliinuka, yule mzee akanikandamiza chini akisema usiende kuona, kijana, jikaze. Picha ilikuwa bado kitandani chini ya shuka. Nilipanga kuificha baada ya kutangaza.

Akaingia. Kisha sauti ya Ngassa kutoka ndani, imejaa mshangao: "Aa, ngosha! Mbona huyu ameshatiwa kwenye sanduku? Tena la dhahabu! Ila ni jembamba, wamemkunja vipi?"

Wakaingia. Shuka likatoka. Bwana mkubwa akawatazama wote, mkono kiunoni, kama vile wamemkanyaga.

Wa kwanza kusogea alikuwa Pantaleo. Mtu wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, akiona kitu cha njano hawezi kuacha. Akaikwaruza fremu kwa ukucha, akanusa, akasema, "Si dhahabu. Rangi." Bi Mwamvua akaketi kwenye kizingiti. "Nimelilia mbao," akasema. "Mimi, Mwamvua, mtu mzima, sauti yangu yote, nimelilia mbao." Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu wengi, lakini Bi Mwamvua hakucheka. Aliinua chungu cha wali kikiwa cha moto, akaondoka nacho. Wengine wakakunja mikeka yao. Turubai likashuka.

Saa sita mchana ua ulikuwa mtupu. Jivu tu.

Jumanne, 14 Juni

Mzee Nassibu amekuja mapema. Niliweka shati na mswaki kwenye mfuko, nikijua ni polisi. Alikuwa peke yake. Akafunga mlango nyuma yake.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amefikiri. Ni yeye aliyeiandika picha daftarini kwa mkono wake. Ni yeye aliyeipa sukari ya watu na kuipangia mtaro. Tukienda ndani, tutakwenda pamoja: mimi, yeye na miwani yake. Nikamrudishia sukari iliyobaki, vijiko vinne. Akafungua daftari, mstari wa Baroko, akaandika "Amehama." Akauliza kama mimi ni mtu wa kufunga mdomo. Nikasema nitaapa popote. Akasema, "Tena usimwandike mahali popote."

Nikasema sitamwandika.

Ijumaa, 17 Juni

Redio imerudi. Vicheko vimerudi. Nadhani wanacheka kuhusu mimi, maana mara moja nilisikia neno "mbao." Sikucheka nao.

Fundi Ngassa tu ndiye amefika. Ameuchukua ubao alioununua kwa ajili ya jeneza, ameupigilia kwenye nguzo za ukuta, na picha imetundikwa juu yake kwa uimara wa ajabu. Hakukaa. Alisema ana kazi.

Asubuhi nimekutana na Epifania bombani. Nilitaka kuiacha ndoo nikimbie, ilikuwa inajaa. Akasema alijua tangu Alhamisi ile. Mgonjwa hana harufu, hapumui, na amejipaka wanja. Nikauliza, basi uji ule je? Akasema, "Uji nilikuletea wewe, Alois." Halafu akasema, "Ungesema tu kwamba huna mtu. Ningekuja." Akajitwika ndoo yake, akaenda.

Nimekaa nayafikiri maneno hayo siku nzima, nimeyageuza kila upande. Sikuyaelewa vizuri. Nadhani alimaanisha picha ilikuwa moja tu. Mjomba bila mke haaminiki.

Jumamosi, 25 Juni

Mnada wa pili wa vitu vya yule mzungu. Alikuwepo! Mwenzake! Bibi mkubwa wa Baroko, fremu ileile, gauni la kijani, upepeo wa manyoya mkononi, lulu shingoni, uso umepauka. Nimetoa kitanda. Dalali safari hii hakucheka, aliniuliza kama nina ndugu mjini.

Nimewatundika wakitazamana. Chumba sasa kina uzani. Nimekula mezani katikati yao, na barua ya mama iko tayari: "Nakula na mume na mke, watu wazima, wa heshima." Ni kweli tupu, kila neno.

Jioni nikawasha mishumaa. Mtu akakohoa dirishani. Pua kwenye wavu, kioo kimoja na kadibodi. Mzee Nassibu akatazama kwa muda mrefu. Akafuta kioo, akatazama tena. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba ajibiwe vizuri: "Na huyo mama?"

"Mke wa mjomba," nikasema kabla sijafikiri. "Kifua kinambana."

Nilimsikia akifungua daftari.

Basi, wewe uliyefika hapa, niliyekukataza kusoma. Usimwambie mtu. Lakini ukitaka kunipata, fika Ngokolo, uliza mashine ya kusaga, nyuma yake kuna nyumba ya Bi Mwamvua yenye mlango wa bluu. Chumba cha pili kushoto, si kile chenye redio. Jioni yoyote, kuanzia saa kumi na moja. Huna haja ya kusubiri uitikiwe, sukuma tu. Vikombe vipo. Sukari uje nayo, kama unayo. Na ukikutana na yeyote uani akakuuliza unakwenda wapi, sema umekuja kumwona mgonjwa.